Masaa Kumi na Saba Kutoka Seattle

Kaka yangu mdogo alifia Seattle, Amerika, tukamzika hapa nyumbani, juu kidogo ya Sultan Hamud. Kati ya mahali alipofia na mahali alipozikwa ni kilomita elfu kumi na nne na mia nne na kitu. Najua hesabu hiyo kwa sababu katibu wa kamati ya mazishi aliisoma kwa simu yake mbele ya watu waliokaa kwenye viti vya kukodi. Aliisoma mara mbili, polepole, kama mtu anayetangaza kura.

Mimi shule niliishia darasa la tano. Asiyeamini hesabu zangu akamuulize huyo katibu. Yeye alifundisha watoto wa watu miaka thelathini, akastaafu na cheti, na bado alikosea.

Lakini katibu ni mkosaji wa pili. Wa kwanza ni kaka yangu mkubwa, na huyo ndiye nitakayeanza naye.

Niliolewa Kitui, nikarudi kwetu na vidole viwili ambavyo mpaka leo havikunjiki. Aliyevivunja ni mume wangu, na aliyeshika mlango nisitoke ni mama yake. Nawataja kwa vyeo vyao tu kwa sababu majina yao nilishayatema njiani. Nilipofika nyumbani baba hakuniuliza maswali. Aliita wazee wa ukoo, akachinja mbuzi, wakala, halafu akawateremsha mpaka chini kwenye mto wa mchanga, akasema, matuta haya matatu ya shamba ni ya huyu, asisumbuliwe. Karatasi haikuandikwa. Wazee walikuwa tisa, na sisi tuliona watu tisa walioshiba nyama ni karatasi ya kutosha. Kasoro ya karatasi ya namna hiyo ni kwamba inakufa. Kufikia msiba wa kaka mdogo, kati ya wale tisa alikuwa amebaki mmoja.

Kaka mkubwa hakuwepo siku ile. Alikuwa Mombasa, utingo wa malori, miaka ishirini. Alirudi na tumbo, na sauti, na marafiki wenye malori. Matuta yangu yanaishia mtoni, na mto wetu hauna maji ila ya kufukua, lakini una mchanga, na mchanga siku hizi unatafutwa na kila anayejenga Nairobi. Lori haliwezi kufika mtoni bila kupita kwangu. Aliniomba njia mara tatu, nikakataa mara tatu.

Basi kaka mdogo alipokufa, machozi ya kaka mkubwa yalikauka mapema kidogo. Jumapili alinikuta jikoni nikimpikia mama uji, akaniambia kaburi litakuwa chini, kwenye tuta la katikati, kwa sababu pale kando ya kaburi la baba ni mwamba, hapachimbiki.

Labda wewe unayesoma si wa huku, kwa hivyo nieleze. Kwetu ukishamlaza mtu kwenye udongo, udongo huo umekuwa wake na wa watu wake. Hakuna atakayelima juu yake, na hakuna korti itakayomwamsha. Kaka mdogo hakuacha mke wala mtoto tunayemjua. Watu wake ni nani? Ni kaka mkubwa, na marafiki zake wenye malori. Ningeamka siku moja baada ya matanga nikute njia imepita katikati ya kunde zangu, na mtu ananiambia anaenda kumsalimia marehemu.

Nilimwambia shamba ni langu. Akajibu akiwa amenigeuzia mgongo.

"Wewe uliolewa Kitui. Mali yako iko Kitui. Nenda ukaichimbe huko."

Mama alisikia. Alikuwa amefiwa na kitinda mimba wake, na mtu aliye katika hali hiyo humwekei tena shauri la mipaka mapajani. Asubuhi ya Jumatatu nilienda kwa naibu wa chifu. Alinisikiliza vizuri, akaniitia chai, akasema nirudi baada ya mazishi. Huyo ni mkosaji wa tatu, ingawa chai yake ilikuwa na maziwa. Baada ya mazishi ningerudi kumwambia nini? Kama ni kupona, nilikuwa na siku chache kabla sanduku halijafika, na siku hizo sikujua ni ngapi.

Jioni hiyo ndiyo katibu alisimama na simu yake. Alisema ndege inatoka Seattle Jumanne saa mbili asubuhi. Akasema teknolojia imerahisisha mambo, kwamba ukiandika mji huu na mji ule, simu inakupa umbali na masaa. Akasoma ule umbali wake mara mbili. Halafu akasoma masaa: kumi na saba na dakika arobaini. Akatazama juu kama anayesubiri makofi. Akajumlisha mbele yetu kwa vidole: ndege itatua usiku wa kuamkia Jumatano, gari litakuwa uwanjani alfajiri, saa nne watakuwa wameshapita mji wa Salama, saa nane mchana udongo. Vijana wa mwethya, kikundi chetu cha kazi za pamoja, wachimbe Jumatano kunapopambazuka. Kaka mkubwa akasema ni vizuri, tusimweke marehemu njiani. Nilimwona anavyonitazama. Alikuwa ananipigia hesabu mimi: siku moja na nusu, huyu mwanamke atafika wapi?

Sasa nikwambie kitu ambacho katika watu wote wa pale nilikijua mimi peke yangu.

Kaka mdogo alirudi nyumbani mara moja tu tangu aende. Siku ile alikuja mpaka kibandani kwangu Sultan Hamud, ninapouzia ndizi na machungwa kando ya barabara, akakaa juu ya kreti, akala ndizi sita bila kunilipa. Nilimuuliza, kutoka huko mpaka huku ni mbali kiasi gani? Akacheka na ndizi mdomoni. Akaniambia hakuna ndege inayotoka pale ikaja hapa moja kwa moja, haijazaliwa. Unapanda ya kwanza, unateremshwa Amsterdam. Hapo alilala kwenye viti vya chuma, kamba ya begi ameifunga mguuni, kwa sababu ile ya pili ilikuwa inaondoka kesho yake. Ya pili ikamwacha Doha, na Doha akakaa tena akitazama watu wakinunua manukato. Ya tatu ndiyo ikamleta. Na saa zao si saa zetu. Wao wakiamka, sisi tunafungia mbuzi.

"Dada," aliniambia, "nilipovua viatu nyumbani, soksi ilikuja na ngozi."

Hiyo ni safari ya mtu mzima, mwenye tiketi, mwenye miguu ya kumpeleka mlangoni akiitwa. Maiti haitiki ikiitwa. Maiti ni mzigo, na mzigo unangoja nafasi, unangoja karatasi, unangoja mtu mwenye muhuri amalize chakula chake. Katibu alikuwa amesoma umbali wa kunguru, anayeruka moja kwa moja bila kutua. Tena hata kunguru alimwekea saa mbaya, kwa sababu alijumlisha kana kwamba Seattle na Sultan Hamud tunaamshwa na jogoo mmoja.

Nilijua haya yote nimekaa pale kwenye kiti cha plastiki. Na nilinyamaza.

Sijivunii. Lakini sidanganyi pia. Mwanzoni nilinyamaza kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Katika kikao chote kile mimi niliulizwa kuhusu sufuria. Halafu nilinyamaza kwa sababu niliona nilichokiona. Watachimba Jumatano, na Jumatano hakuna mtu atakayefika. Na kwetu kaburi likichimbwa halilali wazi. Lazima jua litue mwenye kaburi akiwa ndani. Shimo lililoachwa tupu linatafuta wa kulijaza, na halichagui. Kila mtu anajua hivyo, isipokuwa labda mtu aliyekaa Mombasa miaka ishirini akihesabu magurudumu.

Jumatano vijana walichimba tuta langu la katikati. Udongo ule ni mwororo, wamenilimia wenyewe zamani, wakamaliza kabla ya chai. Nilisimama nikitazama kunde zangu zikirushwa kando na mizizi juu. Kaka mkubwa alisimama upande wa pili, mikono nyuma, kama mkandarasi.

Gari lilikaa uwanja wa ndege tangu alfajiri. Saa tano dereva akapiga simu kwamba hakuna sanduku. Saa saba akapiga tena. Watu walishakuja, sufuria zimeshachemka, mchungaji ameshavaa kanzu. Katibu alitoka nyuma ya choo na simu yake, akawa anaandika Seattle, anaandika Nairobi, na simu inamjibu vilevile, masaa kumi na saba na dakika arobaini, na yeye anaitikisa. Jioni ndipo rafiki wa marehemu aliyeko Seattle alipompata katibu kwa simu. Sanduku lilikuwa ndiyo kwanza limefika Amsterdam. Linangoja ndege nyingine, na baada ya hiyo nyingine. Labda Jumamosi. Labda.

Watu walikula wakaenda. Mama aliniuliza chumbani kama mtoto wake amepotea. Nikamwambia hapana, amelala Amsterdam. Akauliza, amelala kwa nani? Nilimshika mkono, nikamwambia kuna watu wanamwangalia. Ule ndio uongo pekee niliousema msiba ule wote, na mengine yote niliyanyamazia tu.

Kaka mkubwa alifunika shimo kwa mabati mawili na miiba ya mgunga, akasema basi, limefungwa. Alhamisi asubuhi tukakuta bati moja limeinama na mbuzi jike wake, yule mkubwa wa madoa, yuko chini na shingo imevunjika.

Sikumtupa mimi. Naandika hivyo kwa sababu kuna shemeji alisema. Mbuzi aliona majani ya miiba akapanda juu ya bati, ndiyo akili ya mbuzi. Lakini habari ilizunguka kijiji kabla hajachunwa. Kaburi limeanza kula. Majirani waliokuwa wanaleta kuni wakaziacha barabarani. Na huyo mbuzi hakuliwa na mtu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana kusema.

Ndipo akaitwa yule mzee mmoja aliyebaki kati ya wale tisa. Alikuja na fimbo yake na redio ndogo mfukoni, ambayo hakuizima hata alipokuwa anachungulia shimoni. Alimuuliza kaka mkubwa ni nani aliyeamuru lichimbwe kabla maiti haijakanyaga nyumbani. Kaka mkubwa akamtaja katibu. Katibu akaitaja simu. Mzee akaitazama ile simu muda mrefu, kama anayefikiria kuitoza mbuzi.

Akasema liko jambo moja tu: shina la mgomba. Livishwe nguo, lilazwe humo kama mtu, lifukiwe leo kabla jua halijatua. Kaka mkubwa akauliza kama mkonge hautatosha, maana huku kwetu mkavu mgomba utautoa wapi, ila mkonge uko tele kwenye ua. Mzee akamuuliza kama marehemu alikuwa na miiba. Mwingine akataja mpapai. Mzee akaongeza sauti ya redio.

Nikasema mimi najua migomba iko wapi. Ndizi ninazouza nazitoa Mukuyuni, kule juu kwenye vilima, na mama ninayenunua kwake ana shamba zima. Kaka mkubwa alifurahi, ndiyo siku pekee alinifurahia mwaka ule. Akatoa mwenyewe pesa za boda boda akanitia mkononi, akaniambia, harakisha, msichana.

Kabla sijapanda nilimpitia mzee, alikuwa amekaa peke yake kwenye jiwe. Nilimuuliza kwa sauti ya chini, na shina likishafukiwa, je?

"Likishafukiwa limezikwa," akasema. "Mtu halazwi juu ya mwingine. Na mgomba hauna ndugu wa kuja kuusalimia."

Sikuuliza zaidi. Yeye pia hakunitazama. Alisema tu kwamba baba yangu alichinja mbuzi mnono siku ile, kisha akarudi kwenye habari zake za bei ya ndengu.

Kule Mukuyuni yule mama alinikuta nikizunguka kwenye migomba yake nikiipima kwa mikono. Aliuliza leo nanunua mikungu mingapi. Nikamwambia sitaki ndizi, nataka shina, urefu wa mwanamume wa wastani, mwembamba kidogo, alikuwa hali vizuri huko.

"Wewe ndizi zimekuingia kichwani," akasema.

Nilipomweleza aliacha kucheka. Akakata shina mwenyewe kwa panga, akakataa pesa, akasema maiti haiuzwi. Shina la mgomba lina maji, na linatoa utomvu unaochafua kila kitu, kwa hivyo nikalizungushia leso zangu mbili, moja ya kichwani na moja ya kiunoni, tukalifunga kwa kamba juu ya boda boda. Mimi nikakaa nyuma nimelikumbatia lisianguke. Kuteremka kutoka Mukuyuni mpaka nyumbani tulichukua zaidi ya saa mbili. Njiani wanaume walivua kofia. Penye soko moja mama mmoja alikimbia akatuwekea shilingi hamsini kwenye kikapu cha pikipiki, analia. Mwendesha boda akaniuliza, mathe, tumrudishie? Nikamwambia atulie aendeshe, tuko kwenye msiba.

Nami nilikuwa nalia. Sijui ni lini nilianza. Nilikuwa nimelishika lile shina kifuani, lina ubaridi na uzito, na ikanijia kwamba mwenyewe akifika atakuwa kwenye sanduku la mbao lililopigwa misumari na karatasi, na sitaweza kumshika hivi. Basi nikamshika.

Tulifika jua likiwa bado juu ya kilima kwa kiasi cha mkono mmoja. Tulilivalisha shati la zamani la kaka mdogo. Mchungaji alikataa kuja, akasema hayo ni mambo yenu. Vijana wakaliteremsha kwa kamba. Mzee akasema udongo wa kwanza unatupwa na mkubwa wa nyumba. Kaka mkubwa akachota sepetu nzima, akamwaga, akachota tena, maana alitaka yaishe. Alifukia kwa bidii mpaka shati lake likashikana na mgongo. Sikuwahi kumwona akifanya kazi hivyo katika shamba langu, wala la baba, wala lolote.

Alipomaliza alijifuta uso, akawaambia vijana wasiende mbali na sururu zao, kwamba Jumamosi watalifukua shina na kumweka mwenyewe.

Mzee ndipo akaizima redio.

"Ukilifukua hilo," akasema, "utamzika wewe na watu wako wa malori. Ukoo hautakuja. Na mimi sitakuja kwako, hata siku yako."

Kaka mkubwa alimtazama mzee. Akalitazama tuta. Kisha akanigeukia mimi, na nikaona hesabu zikimpita usoni moja baada ya nyingine, Mukuyuni, pesa za boda boda, sepetu, mpaka akafika kwenye ile jioni ya Jumatatu.

"Ulijua ndege haifiki," akasema.

"Hukuniuliza," nikamwambia. "Uliuliza simu."

Sanduku lilifika Jumamosi adhuhuri, siku ya tano tangu litoke. Kaburi lilichimbwa asubuhi ile ile kando ya baba, pale palipokuwa mwamba. Mwamba haukuonekana. Vijana walikuta mawe mawili ya kukalia na udongo mwekundu mpaka chini. Mama alikaa kwenye kiti karibu na ukingo, akaweka mkono juu ya mbao, akamuuliza mwanawe kama amechoka. Katibu aliposimama kusoma maisha ya marehemu alisoma kutoka kwenye karatasi. Simu ilikuwa mfukoni.

Baada ya matanga mzee aliwaita watu tisa wengine, nikachinja mbuzi wangu, tukateremka mpaka mtoni, akayasema tena maneno ya baba. Safari hii nilimwita binti ya jirani aliyemaliza kidato cha nne, akaandika, na kila mmoja akatia kidole. Ile karatasi ninayo.

Tuta la katikati nimeliacha bila kulima, kipande cha urefu wa mtu. Watu wananiuliza kwa nini ninapoteza ardhi kwa mgomba, nawaambia mzikeni nyinyi wenu. Pembeni yake kunde zimerudi. Wenye malori walipata njia kwingine, kwa mtu asiye na wazee. Kaka mkubwa hasemi nami. Akitaka kwenda mtoni hakanyagi kwangu; anapanda mpaka barabarani, anazunguka kwa shule, anateremka na korongo la upande wa pili. Nimemtazama nikiwa napalilia. Inamchukua kama dakika arobaini kwenda, na ile ndoo ya maji kichwani, labda saa nzima kurudi.